Aliyebakwa mahabusu ataomba ruhusa kwa nani?

Chukua mtu aliyekamatwa Kenya Ijumaa jioni. Ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, inasubiriwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo atalala selo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ndipo atapanda kizimbani. Sasa tuseme usiku ule wa kwanza ameingiliwa kwa nguvu. Awe ni askari aliyemfanyia au ni mahabusu mwenzake, saa inaanza kuhesabu palepale. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo wahudumu wa afya huziita PEP, zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri anavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina siku tano. Ushahidi uliobaki mwilini unaondoka na maji ya kuoga na nguo iliyofuliwa. Saa zake 72 zinakwisha Jumatatu usiku, na muda wote huo kila mtu mwenye uwezo wa kumtoa pale kumpeleka hospitali amevaa sare moja.

Atamwambia hakimu? Labda. Atasimama kizimbani, askari aliyemleta akiwa hatua mbili nyuma yake, ataulizwa kama anakubali au anakana shtaka, dhamana itazungumzwa kwa dakika chache, kisha litaitwa faili linalofuata. Anajua kwamba akinyimwa dhamana, jioni hiyo anarudi kwenye gari lilelile na askari walewale. Wengi hukaa kimya, na siwezi kuwalaumu.

Mtu aliye huru akipatwa na janga hili ana njia, hata kama ni mbovu. Anaweza kukimbilia kwa dada yake usiku huohuo. Kenya anaweza kupiga 1195 bila malipo akazungumza na mtu asiyemjua. Tanzania anaweza kwenda hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, akakutana na daktari, afisa ustawi wa jamii na polisi chini ya paa moja. Anaweza hata kuamua kwamba polisi hataki kuwasikia, anataka dawa tu na mtu wa kumsikiliza. Aliye mahabusu hana hata moja kati ya hayo. Simu imechukuliwa kaunta, ndugu hawajui kilichotokea, na hata kwenda chooni ni kwa ruhusa.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Dola ikimfungia mtu mlango, imejibebesha wajibu wa kumfikishia msaada ambao angejitafutia mwenyewe. Na msaada huo hauwezi kupita mikononi mwa mlinzi pekee, kwa sababu mara nyingi mlinzi ndiye mtuhumiwa, au ni rafiki wa mtuhumiwa, au ndiye atakayeulizwa kwa nini jambo lile lilitokea kwenye zamu yake. Lazima uwe msaada wa mtu wa nje, mwenye haki yake mwenyewe ya kuingia.

Sheria zetu zimeliona kosa lenyewe, na zimeliona vizuri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 130(3) kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inamtaja mahsusi mtumishi wa mahabusu au sehemu nyingine ya kizuizi anayetumia nafasi yake kumbaka mwanamke aliye chini yake. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 24, inampa msimamizi wa jela au rumande anayetumia cheo chake kumrubuni mfungwa kifungo kisichopungua miaka 10. Watunga sheria walielewa kwamba baina ya mwenye ufunguo na asiye nao hakuna ridhaa ya kweli. Lakini vifungu vyote hivi vinaanza kazi pale ambapo tayari kuna mshtakiwa, kuna shahidi na kuna hakimu. Kati ya usiku wa tukio na siku hiyo ya mahakama kuna wiki, miezi, pengine miaka, na katika pengo hilo hakuna aliyepewa kazi ya kukaa na aliyeumizwa.

Tazama safari yenyewe ilivyo. Ili apate matibabu yanayoambatana na ushahidi anahitaji fomu: PF3 kwa Tanzania, P3 na ile ya PRC, inayojazwa na mhudumu wa afya, kwa Kenya. PF3 na P3 zinaanzia polisi. Kama aliyemdhuru ni polisi, basi ataomba karatasi ya kumshtaki polisi kwenye kaunta ya polisi. Dawati la jinsia na watoto, ambalo ni hatua kubwa na limewasaidia wanawake wengi wa uraiani, limo ndani ya kituo hichohicho, na afisa wake yuko chini ya mkuu wa kituo yuleyule. Akiwa gerezani, zahanati ni ya gereza, mganga ni mtumishi wa magereza, na kibali cha kwenda hospitali ya nje kinatoka kwa mkuu wa gereza. Akipata kibali anahitaji askari wa kumsindikiza, na gari, na mafuta ya gari. Akifika hospitali, pingu zinabaki mkononi na askari anaingia naye chumba cha daktari, eti asitoroke. Hebu fikiria swali la daktari, "Nini kimekupata?", likiulizwa mbele ya askari huyo.

Kesi ya ngedere kumpelekea nyani: wahenga wetu walilijua jambo hili kabla ya mikataba yoyote ya kimataifa.

Mei 2025 tuliliona wazi katika ukanda wetu. Mwanaharakati wa Kenya Boniface Mwangi na mwanahabari na mwanaharakati wa Uganda Agather Atuhaire walikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Walikamatwa, wakashikiliwa kwa siku kadhaa, kisha kila mmoja akaachwa karibu na mpaka wa nchi yake. Mwanzoni mwa Juni, jijini Nairobi, mbele ya waandishi wa habari, wote wawili walisema waliteswa na kudhalilishwa kingono walipokuwa wameshikiliwa. Polisi ya Dar es Salaam haikuyakubali maelezo hayo, na ikawataka, kama wana malalamiko, wayapeleke kwa polisi Tanzania. Julai mwaka huohuo shauri lilifunguliwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ukweli wa madai yale ni wa mahakama kuamua, nami siuamui hapa. Ninachotaka msomaji aone ni lile jibu: njooni mlalamike kwa tunaowatuhumu. Na aone pia kwamba hawa wawili walipata madaktari, mawakili na kipaza sauti kwa sababu walikuwa wameachiwa na walikuwa na majina. Muuza mitumba aliyeokotwa kwenye msako wa usiku hana hata kimoja cha hivyo.

Katika kutafuta nchi iliyojaribu kulitengenezea jambo hili utaratibu, mtu hufika Marekani. Nafika huko kwa sababu wametuandikia somo la aina mbili: namna ya kuandika kanuni nzuri, na namna kanuni nzuri inavyoweza kugeuzwa pambo.

Kwao jambo lenyewe lilianza na manusura. Stephen Donaldson alikamatwa mwaka 1973 katika maombi ya amani ya kupinga vita mbele ya Ikulu ya Washington, akawekwa jela ya jiji na kubakwa humo na kundi la wafungwa. Alitoka akasema hadharani, katika nyakati ambazo mwanamume hakusema kitu kama hicho, na baadaye akaongoza shirika la manusura wa ubakaji wa magerezani. Alifariki 1996. Shirika hilo leo linaitwa Just Detention International. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dee Farmer, mwanamke aliyebadili jinsia ambaye alisema alipigwa na kubakwa baada ya kuwekwa gereza la wanaume, ilitamka kwamba kushambuliwa gerezani si sehemu ya adhabu ambayo mkosaji anatakiwa kuilipa. Mwaka 2003 Bunge lao likapitisha kwa kauli moja sheria ya kutokomeza ubakaji magerezani, maarufu kwa kifupi cha PREA, na mwaka 2012 zikatoka kanuni zake.

Kanuni hizo zinastahili kusomwa na kila mkuu wa gereza wa Afrika Mashariki. Zinasema aliyedhurika apate huduma ya dharura ya afya na ya akili bila malipo, awe amemtaja aliyemdhuru au hakumtaja, awe anashirikiana na upelelezi au hashirikiani. Jambo hili naliona kubwa kuliko yote, kwa kuwa kwetu matibabu na kesi vimefungwa kamba moja, na anayeogopa kesi anakosa na dawa. Zinasema gereza lijitahidi kumpatia mtetezi kutoka kituo cha nje kinachohudumia waliobakwa, aende naye kwenye uchunguzi wa daktari na awepo wakati wa kuhojiwa. Zinasema wafungwa wapewe anwani na namba za simu za vituo hivyo, wawasiliane navyo kwa usiri kadiri inavyowezekana, na waambiwe mapema ni wapi usiri huo unaishia. Kuwe na angalau mlango mmoja wa kulalamika ambao hauko ndani ya idara ya magereza. Aliyetoa taarifa afuatiliwe kwa siku zisizopungua 90 kuona kama analipiziwa kisasi. Na asitupwe selo ya peke yake kwa jina la kumlinda, isipokuwa njia nyingine zote zimepimwa zikashindikana.

Walifanya pia jambo ambalo kwetu lingeleta mtikisiko: waliwauliza wafungwa. Si kwa fomu iliyokusanywa na askari, bali kwa kompyuta ya kugusa kioo na vipokea sauti masikioni, mfungwa akisikia swali peke yake na kujibu peke yake. Katika uchunguzi wa 2011 hadi 2012, asilimia 4 ya wafungwa wa magereza walisema walidhulumiwa kingono katika miezi 12 iliyotangulia, na waliowataja watumishi wa gereza walikuwa wengi kidogo kuliko waliowataja wafungwa wenzao. Kwetu kauli ya "hatujapokea malalamiko" bado inatolewa kana kwamba ni habari njema.

Halafu ikaja Dublin.

Dublin ni mji mdogo wa California, mashariki ya Oakland, uliokuwa na gereza la serikali kuu la wanawake. Mabango ya PREA yalikuwa ukutani, na wakaguzi walikuja wakalipitisha gereza. Ndani, wafungwa na hata baadhi ya watumishi walikuwa wameshaipa hali ile jina la "klabu ya ubakaji". Mkuu wa gereza, Ray Garcia, ndiye aliyewahi kusimamia mafunzo ya kuzuia udhalilishaji na kuhakikisha PREA inafuatwa, katika kipindi kilekile alichokuwa akiwadhalilisha wanawake aliopewa kuwalinda. Alitiwa hatiani Desemba 2022, na Machi iliyofuata akahukumiwa miezi 70. Mchungaji wa gereza, James Highhouse, ambaye wanawake walimwendea kwa ajili ya faraja, alipata miaka 7. Watumishi wasiopungua 8 walifikishwa mahakamani.

Na haikuwa Dublin pekee. Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Desemba 2022 ilionyesha kwamba katika muongo mmoja watumishi waliwadhalilisha wanawake katika angalau theluthi mbili ya magereza ya serikali kuu yaliyowahi kuwaweka wanawake. Katika gereza la Coleman, Florida, wanawake wote walihamishwa siku chache kabla ya ukaguzi wa PREA wa 2021. Mkaguzi alifika akakuta hakuna mwanamke wa kumhoji.

Nini kilichokosekana Dublin? Karatasi zote zilikuwepo. Mwanamke aliyelalamika alijikuta kitengo cha kutengwa, amenyang'anywa vitu vyake, na wanawake wahamiaji walichaguliwa kwa sababu tishio la kurudishwa makwao lilitosha kuwafunga midomo. Namba za kuomba msaada zilipigwa kwa simu za gereza lenyewe. Yaani kila mlango uliotajwa kwenye kanuni ulikuwepo, lakini ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu wa ndani. Kilichovunja ukimya ni watu wa nje waliokuwa wakija kuwatembelea wafungwa kwa miaka, mawakili, waandishi wa shirika la habari la AP, na mwisho kesi iliyofunguliwa Agosti 2023 na wanawake wanane pamoja na muungano wa kutetea wafungwa wanawake wa California. Aprili 2024 jaji aliteua msimamizi maalumu wa nje kuliangalia gereza hilo, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya idara ile. Siku chache baadaye idara ikatangaza kulifunga gereza.

Kulifunga kulionekana kama ushindi, na hapa ndipo huduma ilipoumia zaidi. Wanawake wapatao 600 walipakiwa mabasi na ndege kwenda magereza ya mbali, wengine mamia ya maili kutoka kwa watoto wao, wengi wakiacha nyuma mshauri waliyekuwa wameanza kumwamini na wakili waliyemzoea. Aliyeanza kupona akaanza upya kwa askari wapya wanaojua ametoka wapi na kwa nini. Desemba 2024 serikali ilikubali kulipa dola milioni 116 kwa wanawake 103. Ni fedha nyingi, na wamestahili kila senti, lakini fidia inayokuja baada ya miaka haikumsaidia mtu usiku ule aliohitaji dawa.

Kuna kipengele kimoja cha habari ya Marekani ambacho ni kikavu, lakini kwangu ndicho kinachoeleza mengi. Vituo vya nje vinavyohudumia waliobakwa huko vinaendeshwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa waathirika wa uhalifu, unaotokana na faini za wahalifu. Kanuni za PREA za 2012 ziliyaelekeza magereza kwa vituo hivyo. Lakini miongozo ya mfuko wenyewe ilikataza fedha zake kumhudumia mtu aliye kifungoni, hata kama kifungoni ndiko alikobakwa, na katazo hilo halikuondolewa hadi 2016. Kwa miaka minne mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukisema "mpigie simu mtetezi" na mwingine ukimwambia mtetezi "usipokee". Hivi ndivyo huduma inavyokufa ofisini bila mtu yeyote kuikataa. Anayetaka kujua kama serikali yake iko makini asiishie kwenye sheria, aende kwenye kasma ya bajeti.

Atakayesema Marekani ni tajiri na mifano yake haituhusu, namwelekeza Afrika Kusini. Huko mwaka 2002 wafungwa wa gereza la Grootvlei, Bloemfontein, walirekodi kwa siri video ya askari magereza wakifanya biashara, ikiwemo kumuuza mfungwa kijana kwa wakubwa wamtumie. Taifa zima liliiona kwenye televisheni. Nchi hiyo tayari ilikuwa na kitu ambacho Afrika Mashariki tungeweza kukiiga bila kujenga jengo hata moja: ofisi ya ukaguzi wa magereza inayoongozwa na jaji, yenye wageni huru, raia wa kawaida, ambao kazi yao ni kuingia magerezani, kuzungumza na wafungwa faragha, na kufuatilia malalamiko yao. Haikuwaondolea ubakaji, na si malaika wote wanaoifanya. Lakini mfungwa anajua kwamba kuna sura moja inayopita getini ambayo haijaajiriwa na gereza.

Tanzania ina Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora yenye mamlaka ya kutembelea magereza. Kenya ina sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru, na ina mamlaka ya kiraia ya kusimamia utendaji wa polisi. Kwa hiyo milango ya kupitia haianzi sifuri. Tatizo ni kwamba ziara ya tume inakuja kama ugeni wa serikali: gereza limefagiliwa, wafungwa wamepangwa mistari, afisa yuko pembeni. Anayesubiri ugeni wa namna hiyo aseme alivyobakwa atasubiri sana. Mgeni wa kumtegemea ni yule anayekuja kila wiki, hata kwa mambo madogo ya barua na dawa ya meno, mpaka kuitwa naye pembeni kusiwe ishara kwamba mtu ana siri.

Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010, zinasema mfungwa mwanamke anayetoa taarifa ya kudhulumiwa apewe mara moja ulinzi, msaada na ushauri nasaha, na madai yake yachunguzwe na chombo huru kwa usiri kamili. Zile za Mandela, za 2015, zinataka wafungwa wanawake wasimamiwe na askari wanawake, na askari mwanamume asiingie upande wao bila kuongozana na mwanamke. Hii ya pili magereza yetu yanaielewa vyema. Vituo vya polisi ndivyo vinavyonitia hofu, hasa vile vidogo vya pembezoni, ambako zamu ya usiku inaweza kuwa ya wanaume watupu na mwanamke anawekwa kwenye korido au stoo kwa kuwa selo ni moja. Huko hakuna mganga, hakuna ustawi wa jamii, na kitabu cha matukio kinaandikwa na mtu yuleyule anayelinda.

Wanaume ni habari nyingine, na nakiri tunaizungumza kidogo mno. Katika msongamano wa selo zetu, kijana mgeni asiye na fedha wala ndugu wa kumletea chakula anaweza kujikuta anategemea ulinzi wa mkubwa wa chumba, na ulinzi huo una bei. Sheria ya Kenya ya 2006 angalau inatambua kwamba mwanamume anaweza kubakwa. Ya Tanzania inaufafanua ubakaji kama kosa la mwanamume dhidi ya mwanamke, hivyo aliyelawitiwa anaangukia kifungu cha 154, cha makosa dhidi ya maumbile. Kifungu hichohicho kinamwadhibu pia anayeruhusu kufanyiwa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, na kwa vyovyote haipungui miaka 30. Kijana aliye rumande kwa kosa la kuiba kuku, ambaye angetoka baada ya miezi michache, anasikia wafungwa wazoefu wakimwambia: ukisema, utaulizwa uliruhusu vipi. Hata kama mwendesha mashtaka hangethubutu, hofu hiyo imeshafanya kazi yake. Ataondoka na maambukizi, na aibu ambayo hana jina lake, arudi kwa mkewe.

Nimesikia hoja kwamba hawa ni wahalifu, na kwamba raia mwema wa kijijini hana hata mshauri nasaha mmoja, kwa nini mfungwa apewe kwanza. Sehemu kubwa ya walio ndani hawajahukumiwa, wanasubiri tu kesi zao. Hata aliyehukumiwa, hakimu alimnyang'anya uhuru wa kutembea kwa miaka fulani, hakumkabidhi mwili wake kwa mtu. Na raia wa kijijini nampigania vilevile, ila yeye anaweza kupanda bodaboda.

Wako pia wanaosema wafungwa watatunga uongo ili wapate safari ya hospitali au wahamishwe chumba. Wapo watakaofanya hivyo. Uongo huo utaigharimu serikali safari moja ya gari. Kumkatalia aliyesema kweli kunaweza kumgharimu maisha yake.

Ninachokiomba hakihitaji wafadhili. Gereza la Segerea na Hospitali ya Amana zote ziko Ilala. Lang'ata, lilipo gereza kubwa la wanawake la Kenya, haiko mbali na hospitali za Nairobi zenye vituo vya kuwahudumia waliodhulumiwa kingono. Sisemi kuna maovu yaliyotendeka katika magereza hayo. Natazama umbali tu, na umbali si kisingizio. Makubaliano ya maandishi kati ya gereza na kituo cha namna hiyo yanaweza kuandikwa kwenye kurasa mbili: mshauri mmoja aje kila wiki kwa siku inayojulikana, aketi chumba ambacho askari anaona lakini hasikii, asilazimike kumwandikia mkuu wa gereza aliyoambiwa. Mganga wa zahanati ya gereza akisema mtu huyu apelekwe hospitali ndani ya saa 72, neno lake litoshe kufungua geti, bila kuhojiwa sababu, na daftari la hospitali ndilo liwe kumbukumbu. Askari abaki nje ya mlango wa daktari. Kama kuna hofu ya kutoroka, dirisha lilindwe kwa nje.

Kwa vituo vya polisi, hakimu ndiye mtu wa nje aliye karibu zaidi. Kabla ya kuuliza dhamana, angeweza kuagiza askari watoke, amuulize kila mshtakiwa alivyotendewa tangu akamatwe, na akisikia kitu, aamuru apelekwe hospitali siku hiyohiyo chini ya askari wa kituo kingine. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji waraka mmoja wa jaji mkuu, na hakimu anayejua kwamba Jumatatu usiku kuna saa inayokwisha.

Kuna tatizo moja ambalo hata makubaliano mazuri huliacha. Dawa za PEP zinamezwa siku 28 mfululizo. Ndani ya siku hizo mahabusu anaweza kuhamishwa gereza, kupelekwa mahakama ya wilaya nyingine, kuachiwa kwa dhamana jioni bila hata nauli, na kopo la dawa likabaki kwenye kabati la zahanati alikotoka. Wanawake wa Dublin walihamishwa hivyo, wakamuacha mshauri nyuma. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo ningelitaka liandikwe kwenye hati ya uhamisho, karibu na jina na namba ya kesi, ni dawa anazotumia, zilizobaki ngapi, na jina la mhudumu wa kituo kilichompokea, ili askari wa gereza jipya asaini kwamba amezipokea mkononi pamoja na mwenyewe.